Helmeti ya Stormtrooper ya 1977: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuiunganisha na Kuilinganisha

Majibu haya ni ya mtu mwenye seti ya vipande vya plastiki ya ABS mezani, anayetaka kuvigeuza helmeti ya askari mweupe wa filamu ya kwanza ya Star Wars, na anataka ifanane kweli na zile zilizovaliwa mbele ya kamera. Vipimo vyote ni vya milimita isipokuwa pale tulipotaja vingine. Tukisema "uso" tunamaanisha kipande cha mbele chenye macho na meno. Tukisema "utosi" tunamaanisha kipande cha juu kinachoshuka hadi kisogoni na shingoni.

Kuna helmeti ngapi za 1977, na nichague ipi?

Ziko za aina mbili, na lazima uchague kabla ya kushika kisu. Filamu ilitoka mwaka 1977, lakini picha zake zilipigwa mwaka 1976, kwanza jangwani Tunisia mwezi Machi, kisha studio za Elstree nchini Uingereza. Mavazi yalitokana na michoro ya Ralph McQuarrie, na helmeti zilivutwa kwa plastiki moto kwenye karakana ya Andrew Ainsworth huko Twickenham.

Nyingi zilikuwa za stanti, yaani zile za askari wengine wote. Zilitengenezwa kwa plastiki ya HDPE kisha zikapakwa rangi nyeupe, lenzi zake ni za kijani na bapa, na meno yaliyotobolewa ni 6, matatu kila upande. Chache zilikuwa za steringi, yaani zile walizovaa waigizaji wakuu walipojificha ndani ya mavazi ya adui. Hizo zilikuwa za ABS nyeupe isiyopakwa rangi, lenzi zake zimebinuka nje kama kiputo, na meno yaliyotobolewa ni 8. Usichanganye. Meno 8 pamoja na lenzi bapa ni kosa linaloonekana haraka kuliko karibu lolote jingine, na jino likishatobolewa halirudi.

Majibu yanayofuata yanalenga zaidi ile ya stanti, kwa kuwa ndiyo inayojengwa na wengi.

Upande wa kulia haufanani na wa kushoto. Nimeuziwa seti mbovu?

Hapana. Sura ya kwanza ilifinyangwa kwa mkono, na haikuwa na ulinganifu. Bomba la shavu moja (mrija uliofinyangwa chini ya shavu) halilingani na la pili, mdomo umekwenda upande kidogo, jicho moja si pacha kamili wa jingine. Seti nzuri huhifadhi upogo huo. Seti ambayo nusu zake mbili zinafanana kama picha kwenye kioo imechorwa upya na kompyuta, na ukiiweka kando ya picha za filamu utaona ina sura ya mgeni.

Jambo hili ndilo linaloongoza kazi yote iliyobaki. Usipime upande wa kushoto kisha ukahamishia kipimo upande wa kulia. Ukilazimisha masikio (vifuniko vya pembeni) yawe kimo kimoja kwa rula, macho yataonekana yamepinda, kwa sababu uso wenyewe umepinda. Helmeti hii hulinganishwa kwa jicho, ukiwa na picha pembeni. Rula ni ya kuhakikisha tu kwamba hukusogeza kitu bila kukusudia.

Nahitaji vifaa gani?

Mkasi wa kukatia bati wenye meno yaliyopinda, kisu chenye wembe wa kubadilisha, tupa bapa moja na seti ya tupa ndogo, msasa namba 220, 400 na 800, drili yenye biti za 2 na 3.3, tepu ya karatasi isiyoacha gundi, penseli laini, vibanio sita au zaidi, boliti nne za M3 zenye nati, ribiti za alumini za 3.2 na washa zake, na skrubu fupi sita za masikio zenye urefu wa 10 hivi. Gundi iwe ya kuyeyusha ABS kwa sehemu za kudumu, na ya mpira kwa sehemu zitakazohitaji kubanduliwa siku moja.

Mashine ndogo ya kuzunguka inasaidia kwenye meno, lakini iendeshe polepole. Kwa kasi kubwa haikati ABS, inaiyeyusha, na uji wa plastiki unaganda tena nyuma ya biti.

Valia miwani ya kazi unapokata. Vipande vya ABS huruka.

Nianze kukata wapi?

Anza na pembezoni, na acha ziada. Seti nyingi huja na ukingo mpana uliobaki baada ya plastiki kuvutwa kwenye kalibu. Kata kwa mkasi ukiacha milimita 5 nje ya mstari unaoufikiria, kisha punguza kwa tupa baada ya kujaribisha. Sehemu zilizonyooka hazihitaji mkasi hata kidogo: chora mfereji kwa kisu mara nne au tano, kunja, na plastiki itavunjika safi kwenye mfereji.

Ukingo wa shingo usiuguse mpaka uso na utosi viwe vimeungana. Wengi hukata shingo mapema ili helmeti isimame vizuri mezani, kisha wakishalinganisha uso wanakuta nyuma imekuwa fupi.

Macho na meno yatobolewe vipi?

Kwa macho, piga matundu kuzunguka ndani ya mstari, yaunganishe kwa kisu, kisha fuata mstari kwa tupa ya nusu duara. Achia milimita 2 hadi siku ya mwisho. Jicho lililokatwa kubwa mno hubadilisha sura nzima, na hakuna mpira wala rangi ya kulificha.

Kwenye meno, toboa tundu la 2 kila pembe ya jino kabla ya kukata. Matundu hayo yana kazi mbili. Yanakuonyesha mahali pa kusimama, na yanazuia ufa. Pembe kali iliyokatwa kwa kisu ndiyo mwanzo wa nyufa nyingi za ABS, kwa sababu mkazo wote wa plastiki inapokunjwa hukusanyika pale. Malizia kwa tupa ndogo ya mraba, ukisukuma kuelekea upande mmoja tu. Ukienda mbele na nyuma, kiukuta chembamba kati ya meno hutetemeka na kukatika.

Uso na utosi navilinganisha vipi?

Hapa ndipo helmeti inapopatikana au kupotea, kwa hiyo tenga jioni nzima.

Ukingo wa mbele wa utosi hukaa juu ya uso, kwenye paji. Pembeni, vipande viwili hulaliana chini ya mahali ambapo masikio yatakaa. Kabla ya kutoboa chochote, shikilia kwa tepu: kipande kirefu kila upande na kimoja katikati ya paji. Weka helmeti juu ya kitu kinachoingia ndani, kwa mfano chupa kubwa ya maji iliyovikwa taulo, ili itazame mbele kama iko kichwani kwa mtu. Usiilinganishe ikiwa imekaa mezani. Ikisimama kwa kidevu na shingo yake yenyewe hubadili mwelekeo, na kila utakachopima kitakuwa cha mtu aliyeinamisha au kuinua kichwa.

Sasa uso una njia nne za kusogea, na inafaa uzijue kwa majina ili ujue unarekebisha nini.

Ya kwanza ni ndani na nje. Uso ukiingia sana ndani ya utosi, helmeti hufupika na masikio hukosa mahali pa kukaa. Ukitoka sana, pua huchongoka.

Ya pili ni juu na chini, na hii ndiyo huharibu helmeti nyingi. Tazama nafasi kati ya ukingo wa juu wa jicho na ukingo wa utosi. Nafasi ikiwa kubwa, askari anaonekana ameshtuka. Kwenye za stanti paji liko chini na sura ina ukali. Anzia milimita 8 hadi 10, kisha shusha au pandisha kidogo kidogo ukilinganisha na picha.

Ya tatu ni kuinama, uso ukizunguka kwenye mhimili wa masikio. Kidevu kikitoka mbele sana, helmeti inaonekana imejaa kiburi. Kikiingia, mdomo unajificha kivulini. Ya nne ni upana. Plastiki ya ABS hukubali kubanwa, na ukivuta tepu kwa nguvu mno mashavu hukusanyika na kidevu hutanuka.

Ukiridhika, toboa tundu moja tu kila upande, mahali ambapo sikio litafunika, na upitishe boliti ya M3 yenye nati. Usikaze sana. Hapo uso unaweza kuzunguka kwenye boliti hizo mbili kama mlango kwenye bawaba, na unaweza kurekebisha kuinama bila kupoteza vile vingine. Ukiona sura imekuja, kaza nati, toboa tundu la pili kila upande, na uache usiku mmoja. Asubuhi itazame tena kabla ya kupiga ribiti.

Nalinganisha na picha, lakini simu inanionyesha kitu tofauti na macho yangu. Kwa nini?

Kamera ya simu ikiwa karibu hukuza kilicho mbele na kudogosha kilicho nyuma. Ukipiga picha umbali wa nusu mita, mdomo utavimba na masikio yatakimbilia nyuma, hata kama helmeti iko sawa kabisa. Simama mita 3 au 4, weka kamera kimo cha macho ya helmeti, vuta karibu kwa zumu, kisha linganisha. Picha rasmi nyingi za filamu zilipigwa kwa lenzi ndefu, kwa hiyo zinafanana zaidi na picha ya mbali.

Pindua pia picha yako kushoto kwenda kulia. Jicho lililozoea sura kwa wiki nzima huacha kuona upogo, na picha iliyopinduliwa hulirudishia upya.

Nimeshatoboa na imekaa vibaya. Nimeiharibu?

Bado. Matundu yaliyo chini ya masikio hayaonekani, na helmeti inaweza kubeba hata mawili au matatu yaliyokosewa kila upande. Hamisha kwa angalau milimita 8 kutoka tundu la zamani, la sivyo plastiki iliyobaki katikati itapasuka ribiti ikivutwa. Tundu la zamani lizibe kwa nyuma na kipande cha ABS cha ukubwa wa stempu na gundi ya kuyeyusha.

Kama kosa ni paji kuwa juu, si lazima utoboe upya kila mara. Angalia kwanza kama utosi una ziada kwenye ukingo wa mbele inayoweza kushuka. Kama umeukata mfupi tayari, hakuna njia ila kushusha utosi wote.

Ribiti au boliti?

Za filamu ziliunganishwa kwa ribiti, na ribiti za alumini za 3.2 zinafaa sana. Tundu lake ni 3.3. Weka washa upande wa ndani kila mara. Bila washa, kichwa kinachojikunja kwa ndani huuma plastiki, na baada ya miezi michache ya kuvaliwa unaona nyota ndogo ya nyufa kuizunguka.

Anayetaka kuifungua baadaye atumie boliti fupi zenye nati ya kujifunga. Sikio litafunika, na hakuna atakayejua.

Masikio hayakai. Kila nikiyakata yanazidi kuwa na mwanya. Nakosea wapi?

Unakata kabla ya kunakili. Sikio linapanda juu ya mashavu, mabomba na mshono wa uso na utosi, na mstari wake wa chini lazima ufuate vilima na mabonde hayo yote. Kwa kukisia haliwezi kufika.

Fanya hivi. Shikilia sikio mahali pake kwa tepu, likiwa limesimama wima helmeti ikitazama mbele, ingawa kuna mianya. Chukua washa ya chuma yenye upana wa milimita 10 kutoka tundu hadi ukingo, au iliyo karibu na hapo. Tia ncha ya penseli kwenye tundu la washa, uiegemeze kwenye helmeti, na uibirigishe kuzunguka sikio lote. Washa inapanda kila kilima na kushuka kila bonde, na penseli inachora mstari uleule juu ya sikio. Huo ndio mstari wako wa kukata. Kata ukiacha milimita 1, kisha tupa. Jaribisha baada ya kila mapigo kumi ya tupa, na unyoe tu mahali panapogusa. Mahali penye mwanya usiguse kamwe, kwa kuwa mwanya huzibika kwa kupunguza pale panapougusa mwili wa helmeti.

Anza na skrubu ya juu. Ikishakaa, sikio linaning'inia kama saa ya ukutani na unaweza kulisogeza mpaka mshono ufunikwe wote. Helmeti ya stanti ina skrubu tatu kila sikio. Toboa za chini mwisho, baada ya sikio kukubali lenyewe. Skrubu inayolazimisha sikio lililokataa huleta ufa, kwa kawaida wiki mbili baada ya kudhani kazi imekwisha.

Sikio la kulia na la kushoto hayabadilishani. Yaandike kwa ndani kwa penseli siku seti inapofika.

Mwanya mdogo uliobaki nizibe?

Chini ya milimita 1.5 uache. Za filamu zilikuwa na mianya, tena mikubwa. Ukizidi hapo, tengeneza uji wa ABS: weka vipande vidogo vya plastiki uliyokata kwenye chupa ya kioo, mimina asetoni ivifunike, funga, na subiri mpaka kesho. Uji uwe mzito kama asali. Paka kwa tabaka nyembamba, ukiacha saa 24 kati ya tabaka na tabaka. Tabaka nene hukauka juu, asetoni ikabaki imefungiwa chini, na plastiki ya sikio ikalainika na kubonyea. Asetoni inashika moto haraka, kwa hiyo fanya kazi nje au dirishani, mbali na jiko.

Tumia mabaki ya seti ileile. Nyeupe za ABS hutofautiana, na uji wa plastiki nyingine utaonekana kama kiraka.

Mpira wa nyusi uwekwe lini?

Baada ya ribiti na masikio. Ni mpira mweusi wenye mfereji unaovalishwa kwenye ukingo wa mbele wa utosi, kutoka sikio hadi sikio, na ncha zake huishia chini ya masikio. Kata ukiwa mrefu kwa milimita 20 kila upande. Mpira hujikunyata baada ya siku chache, na ukikatwa kamili utaacha pengo jeupe karibu na sikio. Tone la gundi katikati na moja kila ncha yanatosha.

Wa shingoni ni tofauti: una umbo la S ukiutazama kwa ncha, na mwanzo na mwisho wake hukutana nyuma.

Lenzi za kijani nizipate wapi?

Ngao ya uso ya mafundi wa kuchomelea, ile ya plastiki inayokunjika, kivuli namba 3 au 5. Namba 3 inakuonyesha zaidi usiku. Namba 5 inaficha macho yako vizuri zaidi kwenye mwanga. Kata karatasi kwanza kama kiolezo, ijaribishe ndani ya macho, kisha hamishia kwenye plastiki ukiacha milimita 15 kuzunguka kila jicho.

Ifunge kwa boliti fupi au kwa velkro. Usitumie supa gluu. Mvuke wake hutua juu ya lenzi na kuacha ukungu mweupe usiofutika, na hugundui mpaka asubuhi.

Rangi gani, na kwa mpangilio gani?

Helmeti ya 1977 ilichorwa kwa mkono, si kwa stika. Rangi za mafuta za Humbrol zinakubalika sana: namba 14 kwa bluu ya mabomba, namba 5 kwa kijivu, namba 21 kwa nyeusi, na 22 ukihitaji nyeupe ya kurekebishia. Kikopo cha mililita 14 cha kila moja kinatosha helmeti kadhaa.

Anza na kijivu: meno, alama za machozi chini ya macho, na trapeza za utosini, yaani zile alama za pembe nne. Kijivu cha meno kisitoke nje ya meno. Siku ya pili, nyeusi: kinywa cha sauti kilicho katikati chini ya meno, na mistari myembamba ya machozi na trapeza. Mwisho bluu. Acha saa 24 kati ya rangi na rangi. Ikionekana imekauka baada ya saa moja, ni juu tu.

Ukivuka mstari, usifute kwa kidole. Subiri dakika kumi, kisha kwangua kwa kijiti cha meno cha mbao, au pitisha kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa white spirit. Tina kali ya mafundi wa magari isikaribie, itakula ABS yenyewe.

Mkono unaotetemeka kidogo si tatizo. Mistari ya filamu ilitetemeka pia, na mstari ulionyooka kama wa mashine unaonekana wa kigeni kwenye helmeti hii.

Mistari ya bluu ya mabomba iwe mingapi?

Kati ya 9 na 16 kila upande kwa ile ya stanti. Kulia na kushoto si lazima zilingane. Kata kiolezo kwenye plastiki laini, kwa mfano kifuniko cha ndoo ya aiskrimu, kizungushe kwenye bomba na uchore kwa penseli nyepesi kabla ya brashi. Acha upana kama wa penseli kati ya ncha za mistari na mashavu. Mistari isigeuke kuwa pete: inakatika kabla ya kuzunguka bomba lote. Alama za penseli zikionekana kidogo, ziache, kwani kwenye za filamu zilionekana.

Vile vidude viwili pembeni mwa kinywa ni nini?

Ni ncha za maikrofoni za Hovi Mix. Nakala zake hupatikana kwa resini au kuchapwa kwa 3D. Zibandike mwisho kabisa kwa gundi ya mpira, zielekee mbele na chini kidogo. Ukizibandika mapema utazing'oa mara tatu unapopaka rangi.

Ndani niweke nini ili isicheze?

Vipande vya sponji nzito: kimoja utosini, viwili pembeni, kimoja kisogoni. Vibandike kwa velkro kwanza, uvae nusu saa, usogeze, ndipo ubandike kwa gundi. Macho yako yawe katikati ya lenzi. Yakiwa juu mno, ongeza sponji ya utosini. Anayevaa miwani apunguze sponji za pembeni mbele ya masikio ili vishikio vipite.

Ukungu wa pumzi ni tatizo kuliko joto. Feni mbili za 40, za volti 5, zikipuliza kutoka paji kushuka kwenye lenzi zinautoa. Pawabenki ya mAh 10,000 inaziendesha siku nzima, ila baadhi ya pawabenki hujizima zinapoona umeme unaotumika ni mdogo. Ijaribu mezani saa nzima kabla ya kuiamini. Kabla ya kuvaa, paka tone la sabuni ya vyombo ndani ya lenzi na uifute kwa kitambaa kikavu.

Hata hivyo, hutaona miguu yako wala ngazi. Uwe na mtu wa kukuongoza penye watoto na msongamano.

Kuchapa kwa 3D kunafaa badala ya ABS iliyovutwa?

Kunafaa kwa kujifunza na kwa asiyeweza kuagiza seti. Ila filamenti ya PLA hulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, na gari lililoegeshwa kwenye jua la Dar es Salaam au Mombasa mchana linaweza kuikaribia. Filamenti ya PETG huvumilia zaidi. Chagua faili lililochukuliwa kutoka kwenye helmeti yenye upogo wake, si lililochorwa nusu na kupinduliwa. Ukingo wa plastiki iliyochapwa huwa mnene, kwa hiyo macho na meno yapunguze kwa ndani mpaka yaonekane membamba ukiyatazama kwa mbele.

Vikundi vya wavaaji vinakubali helmeti ya kujijengea?

Ndiyo. 501st Legion, kikundi cha mashabiki wanaovaa mavazi ya Star Wars kilichoanzishwa Marekani mwaka 1997, ina viwango vilivyoandikwa kwa kila vazi, na wanachama wake lazima wawe na miaka 18 au zaidi. Soma kiwango cha stanti kabla ya kutoboa, kwa kuwa kina ngazi za juu zinazodai vitu vidogo kama umbo la mpira wa shingo.

Kuhusu sheria, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Julai 2011 kwamba helmeti hii si sanamu kwa maana ya sheria ya hakimiliki ya huko. Uamuzi huo haufanyi jina wala alama za filamu kuwa huru, wala haukuhusu nchi zote. Kujijengea moja ya kuvaa na kuuza mia moja ni mambo mawili tofauti.

Imepasuka. Nifanyeje?

Toboa tundu la 2 mwisho kabisa wa ufa, hata kama unaonekana umesimama. Ufa wa ABS huendelea kutoka kwenye ncha yake kali, na tundu la duara huitoa ile ncha. Kwa nyuma, bandika kipande cha ABS kinachozidi ufa kwa milimita 15 kila upande, kwa gundi ya kuyeyusha, na ukibane saa 24. Kwa mbele, jaza kwa uji wa ABS, kisha msasa 400 wenye maji, halafu 800, halafu dawa ya kung'arisha.

Ufa kando ya ribiti unamaanisha sehemu mbili zinavutana. Kabla ya kuziba, toa ribiti na uone kama ukingo wa uso unaruka wenyewe. Ukiruka zaidi ya milimita 5, upashe kwa maji ya moto yasiyochemka, uukunje taratibu mpaka ukae bila kushikwa, uache upoe mkononi, ndipo upige ribiti mpya.